Usipunguze Siki: Ushauri kwa Wanaotengeneza Pilipili ya Chupa

Anayeanza kutengeneza pilipili ya chupa, awe anawauzia majirani au anajaza friji lake mwenyewe, hukutana na lawama mbili. Ya kwanza hutoka mdomoni mwa mlaji: "Pilipili yako nzuri, ila siki imezidi." Ya pili huja wiki kadhaa baadaye, na hii haihitaji msemaji. Mfuniko umevimba, na ukifunguliwa tu povu linapanda hadi shingoni mwa chupa na kumwagikia kitambaa cha meza. Mara nyingi lawama ya kwanza ndiyo huizaa ya pili. Mtengenezaji kaambiwa siki imezidi, akaipunguza nusu, akajazia maji na karoti ili idadi ya chupa isishuke. Wateja wakafurahi, na chupa zikaanza kuchacha.

Ninachoshauri ni kinyume chake. Kiasi cha siki kiamuliwe kwanza, kwa mizani na kwa kipimo cha uchachu, kabla ulimi haujaulizwa chochote. Kikishakaa mahali pake kisiguswe tena. Ladha ikikukera, rekebisha vitu vingine vyote vilivyomo sufuriani, na vipo vingi, lakini siki iache.

Povu, kwa kweli, ndilo tatizo dogo. Povu ni kazi ya chachu, na chachu hujitangaza yenyewe. Tatizo kubwa halina sauti. Karoti na kitunguu saumu huchimbwa ardhini, pilipili nazo huchumwa karibu na ardhi, na udongo una mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu hizo haziuawi na maji ya kuchemka, hata ukichemsha saa nzima. Zikipata mahali penye unyevu, pasipo na hewa na pasipo na uchachu wa kutosha, huamka, huzaana, na kutoa sumu inayolegeza misuli ya mwili hadi ile ya kupumulia. Na chupa iliyojazwa moto hadi juu ikafungwa barabara ni mahali pasipo na hewa. Chakula chenye sumu hiyo chaweza kuonekana sawa na kunukia sawa.

Kinachozizuia mbegu hizo kuamka ni uchachu. Wataalamu wa vyakula huupima kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake hushuka kadiri uchachu unavyopanda. Maji safi yako kwenye 7, ndimu iko karibu na 2, siki ya dukani huwa kati ya 2.4 na 3.4. Mpaka wa usalama dhidi ya botulinum ni 4.6, na mtu makini hujiwekea 4.0 au chini yake ili abaki na nafasi ya kukosea. Namba hizo hazipandi kama ngazi za kawaida. Kila namba moja kamili ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo chachandu yenye pH 5 ina uchachu wa sehemu moja tu ya kumi ya ile yenye pH 4.

Sasa tazama tunachotia sufuriani. Pilipili mbichi kwa kawaida huwa kati ya 5 na 6. Karoti iko karibu na 6. Kitunguu maji na kitunguu saumu viko juu ya 5, na papai bivu vilevile. Nyanya huyumba mpakani, nyingine zikiwa na 4.3 na nyingine zikikaribia 4.9, kutegemea aina na jinsi zilivyoiva. Ukisaga vyote hivyo bila siki umepata uji mwekundu mkali sana ambao hauna kinga yoyote. Ukali wa pilipili si kinga. Watu huamini kwamba kitu kinachomtoa mtu machozi hakiwezi kuoza, na imani hiyo imeharibu chupa nyingi. Kapsaisini, kile kinachowasha, hakibadilishi pH hata kidogo.

Ulimi nao hauaminiki kwa jambo hili, kwa sababu sukari humdanganya mlaji bila kumdanganya bakteria. Tia vijiko vitatu vya sukari katika chachandu kali ya siki na utasikia uchachu umepungua. Ipime, namba ni ileile. Kwa upande mwingine, chachandu isiyo na sukari wala chumvi ya kutosha huonekana chachu sana mdomoni hata kama kipimo chake kiko juu ya 4.6. Ndiyo maana nasema ladha iwe hakimu wa ladha tu.

Kwa nini siki, na si ndimu?

Pwani tumezoea ndimu na ukwaju, na wengi huniuliza kwa nini wasitumie hivyo wakaachana na harufu ya siki. Jibu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni kwamba si kila uchachu hufanya kazi sawa, hata kipimo kikiwa kimoja. Siki ina asidi ya asetiki, ambayo ikiwa ndani ya chachandu hukaa kwa hali mbili: iliyogawanyika na isiyogawanyika. Ile isiyogawanyika ndiyo yenye meno. Hupenya ngozi ya kiumbe, na ikifika ndani hugawanyika humohumo na kumchachusha kutoka tumboni. Atatumia nguvu zake zote kuisukuma nje na hatabaki na ya kuzaliana. Kwenye pH 4, asidi ya asetiki ipatayo asilimia 85 bado haijagawanyika. Asidi ya sitriki ya ndimu, kwenye pH hiyohiyo, hubaki na kiasi cha asilimia 12 tu, na hata hiyo haipenyi kwa urahisi. Ndimu hushusha namba vizuri na huzizuia mbegu za botulinum, lakini siki hufanya hivyo na kuwapiga chachu na ukungu pia.

Sehemu ya pili ni ya kawaida zaidi. Siki ya kiwandani imeandikwa nguvu yake kwenye lebo. Ndimu haina lebo. Ndimu za masika zilizojaa maji haziko sawa na zile ndogo ngumu za kiangazi, na ukwaju wa fungu moja sokoni haulingani na wa fungu la pembeni. Kwa hiyo, mchango wa ndimu na ukwaju uhesabu kuwa ladha. Mimi huzipenda zote mbili. Ukwaju hasa huipa pilipili mbuzi uzito ambao siki peke yake haiwezi kuupa, na ndimu ikikamuliwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshatolewa jikoni, huleta harufu mbichi inayofunika ile ya siki. Lakini huongezwa juu ya siki. Haziwi badala yake.

Kuhusu siki yenyewe, jambo la kwanza ni kuusoma mgongo wa chupa. Tafuta asilimia ya asidi. Siki ya mezani mara nyingi ni asilimia 4 au 5, na tofauti hiyo si ndogo: ili upate asidi iliyomo katika mililita 400 za siki ya asilimia 5, unahitaji mililita 500 za ile ya asilimia 4. Isiyoandikwa asilimia, iache kwa kusafishia vioo. Wala usijaribu kuitambua nguvu yake kwa kipimo cha pH, maana siki ya 4 na ya 5 husoma karibu namba moja. Kipimo cha pH kinafaa kwa chachandu iliyokwisha kuchanganywa.

Siki nyeupe, iwe imetokana na kileo kilichochachuliwa au imetengenezwa kwa asidi ya kiwandani iliyopunguzwa maji, ndiyo iliyo safi zaidi kwa ladha na kavu zaidi. Haina tunda wala utamu, na huiacha pilipili isikike. Kwa pilipili yenye harufu nzuri ya kwake, kama pilipili mbuzi iliyoiva, hiyo inatosha kabisa. Siki ya kahawia inafaa chipsi na samaki wa kukaanga, ila soma lebo: zipo ambazo ni siki nyeupe iliyotiwa karameli, na ukilipa zaidi umelipia rangi. Siki ya tufaha ina ulaini fulani na hukaa vizuri na embe na nanasi. Sifa nyingine zote zinazotangazwa juu yake, za kupunguza tumbo na kusafisha damu, hazihusu chachandu na bei yake imepandishwa na sifa hizo.

Halafu kuna siki ya mnazi, ambayo mimi huipenda kuliko zote na ambayo ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa. Mgema akishusha tembo asubuhi ni tamu. Kufikia jioni chachu imekwisha kuigeuza sukari kuwa kileo, na tembo limekuwa kali. Likiachwa wazi siku nyingi, bakteria wa siki hutumia hewa kukigeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Kazi hiyo ya viumbe hai ndiyo Louis Pasteur aliyoieleza kule Ufaransa katika miaka ya 1860. Siki inayopatikana ina harufu ya mnazi na uchachu wa duara usiochoma pua. Tatizo ni hesabu. Kileo cha asilimia 5 hakiwezi kutoa asidi inayozidi sana asilimia 5, na kwa kawaida hutoa pungufu, kwa kuwa kileo kingine huruka na kingine hakigeuki. Siki ikizidi kuachwa wazi baada ya kileo kwisha, bakteria walewale huanza kuila asidi yenyewe. Kwa hiyo siki ya mnazi ya mtaani yaweza kuwa na asilimia 4 au ikawa na 2, na hakuna pua itakayokuambia. Itumie, lakini iwe theluthi moja ya siki yote, na theluthi mbili zitoke kwenye chupa yenye lebo. Au itumie peke yake katika pilipili ya kuliwa siku mbili tatu, ikikaa kwenye friji.

Jambo ambalo silifanyii mzaha ni asidi ya asetiki kali inayouzwa kwenye madumu ya kemikali, ambayo baadhi ya watengenezaji hujichanganyia maji nyumbani ili kuokoa fedha. Ile ni asidi inayounguza ngozi na macho, mvuke wake huumiza mapafu, na dumu la viwanda vya nguo au mpira halikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu.

Sufuria moja, kwa vipimo

Hiki ni kiasi cha kuanzia, cha kama lita moja. Pilipili mbuzi nyekundu zilizotolewa vikonyo, gramu 500. Karoti, gramu 150. Kitunguu saumu kilichomenywa, gramu 50. Siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 500. Chumvi gramu 25, sukari gramu 30. Ukijumlisha utaona siki ni kama asilimia 40 ya uzito wote, na asidi ya asetiki katika chachandu nzima inakaribia asilimia 2. Kiasi hicho hukushusha vizuri chini ya 4. Namna rahisi ya kukikumbuka: uzito wa pilipili na uzito wa siki viwe sawa, na mboga nyingine zote kwa pamoja zisizidi nusu ya pilipili. Anayetaka kuongeza karoti ili kupunguza gharama aongeze na siki.

Vaa glavu. Osha, katakata, tia kila kitu sufuriani pamoja na siki tangu mwanzo. Hili la siki tangu mwanzo lina sababu: vipande vinapoiva ndani ya siki, uchachu huingia hadi katikati yao, ilhali siki ikimiminwa mwishoni huzunguka nje tu ya vipande ambavyo blenda haikuvisaga vyema. Funika, acha vitokote kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Fungua madirisha yote na uwaondoe watoto jikoni, kwa maana mvuke wa siki na pilipili utawakohoza hadi walio sebuleni. Mfuniko una kazi nyingine pia: sehemu ya asidi hutoka na mvuke, na sufuria iliyoachwa wazi huondokewa na kitu ulichokipima kwa makini.

Sufuria isiwe ya aluminiamu. Najua ndizo zilizojaa majikoni mwetu. Siki hula aluminiamu, chachandu hupata ladha ya chuma na sufuria hubaki na mabaka meupe. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka.

Wakati vitunguu saumu vinatokota, usishtuke ukiona vipande vimegeuka kijani au buluu. Ni mabadiliko ya kemia ya saumu ikikutana na asidi, na hayana madhara. Wachina hutengeneza achari ya saumu ya kijani kwa makusudi, na hujivunia rangi hiyo. Rangi inayosumbua kweli ni ya pilipili za kijani. Asidi huiondoa magnesi iliyomo katika ukijani wa mmea, na ukijani huo hugeuka kuwa kama khaki iliyofifia. Hakuna ujanja wa jikoni wa kuuzuia ikiwa siki ni ya kutosha. Anayetaka chupa ya kuvutia atumie pilipili nyekundu zilizoiva, ambazo rangi yake haiogopi asidi, ila huogopa jua. Usizipange dirishani.

Saga mchanganyiko ukiwa umepoa kidogo, kwani blenda iliyojaa kitu cha moto hurusha mfuniko. Chuja kama unataka laini. Rudisha jikoni upate moto tena hadi kufikia nyuzi 90, ukikoroga kwa mwiko ili usishike chini. Jaza ukiwa wa moto, usiwe chini ya nyuzi 85, katika chupa za kioo zilizochemshwa dakika 10, funga, kisha ilaze au igeuze chupa kichwa chini kwa dakika mbili ili moto uufikie mfuniko. Walioko Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 kwa sababu ya mwinuko, bado wana nafasi ya kutosha. Chupa za maji za plastiki ndizo zisizo na nafasi. Zikipata kitu cha nyuzi 90 hujikunja, kwa hiyo watu huzijazia chachandu iliyopoa, na hapo ndipo chachu ya hewani huingia. Kama huna kioo, weka kwenye friji na uile mapema.

Mifuniko iwe na plastiki upande wa ndani. Mvuke wa siki hushika chuma kitupu na kukitia kutu katika muda mfupi.

Sasa ndipo uonje, na uonje kesho yake. Chachandu ikiwa ya moto, siki hupanda puani na kuonekana kali kuliko ilivyo. Ikilala usiku mmoja, hutulia na ladha za saumu na karoti hujitokeza. Ikiwa bado unaona siki imesimama mbele mno, ongeza chumvi kidogo kwanza. Chumvi huvunja makali ya uchachu kuliko wengi wanavyodhani. Kisha sukari au asali. Kisha kitu chenye mwili: embe bivu, tende zilizosagwa, ukwaju wenye nyama yake. Kitunguu maji kilichochomwa moja kwa moja juu ya mkaa hadi ngozi ikawa nyeusi, kikamenywa na kusagwa humo, hubadilisha sufuria nzima. Kila ukiongeza kitu, pima tena.

Kupima ni kwa mashine ndogo ya pH, ile ya kalamu, ambayo kabla ya kutumiwa hurekebishwa kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7. Vikaratasi vya rangi ni bora kuliko kutopima, lakini chachandu nyekundu hukipaka kikaratasi rangi yake yenyewe na macho huona yanachotaka kuona. Pima sampuli iliyosagwa vizuri na kupoa, na urudie baada ya saa 24, kwa sababu uchachu huchukua muda kusambaa. Ikisoma 4.0 au chini, nzuri. Ikisoma 4.3, chemsha tena na uongeze siki. Ikisoma juu ya 4.6, iite mboga na uile wiki hii kutoka kwenye friji.

Pilipili iliyovundikwa

Ipo njia nyingine ya kupata uchachu ambayo haianzi na siki: pilipili hukatwa, hutiwa chumvi gramu 30 kwa kila kilo, hugandamizwa kwenye chupa pana hadi zizamishwe na maji yake zenyewe, na kuachwa. Bakteria walewale wa jamii inayogandisha maziwa huigeuza sukari ya pilipili kuwa asidi ya laktiki. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa kazi huonekana siku ya pili, na wiki moja hadi mbili zinatosha. Ladha yake ni pana, ina kitu cha mtindi na cha mkate, na haimchomi mtu puani.

Wengi huiona kama mbadala wa siki. Kampuni ya McIlhenny ya kisiwa cha Avery, Louisiana, inayotengeneza Tabasco tangu 1868, huvundika pilipili zake kwa chumvi katika mapipa ya mwaloni kwa miaka kadhaa, na hata hivyo hazijazwi chupani hivyohivyo. Hukorogwa na siki nyeupe, na siki ndiyo ya kwanza kutajwa kwenye orodha ya viungo. Uvundikaji umeleta ladha, na siki imeleta utulivu: bila hiyo, na bila kuchemsha, bakteria wangeendelea kula sukari iliyobaki na kutoa gesi ndani ya chupa. Fuata mfano huo. Vundika upendavyo, kisha saga kwa siki, chemsha, pima. Hapa siki yaweza kuwa pungufu kuliko katika sufuria ya kwanza kwa sababu asidi ya laktiki imeshafanya sehemu ya kazi, lakini namba ya mwisho ni ileile 4.0.

Mafuta

Pilipili ya mafuta, ile ya saumu na pilipili zilizokaangwa na kuelea, ni mnyama mwingine. Siki na mafuta havichanganyiki. Ukimimina siki juu ya chupa ya mafuta itazama chini, na vipande vya saumu vilivyozungukwa na mafuta vitabaki bila uchachu na bila hewa, yaani katika hali ileile ambayo botulinum huitafuta. Mwaka 1985, huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kwenye mgahawa mmoja, na chanzo kilikuwa saumu iliyosagwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta bila kuchachushwa na bila friji. Kwa matumizi ya nyumbani, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku nne. Kuuza pilipili ya mafuta iliyokaa rafuni kunahitaji maabara, na sipendekezi mtu aanzie hapo.

Kuhusu unga wa benzoate, ambao wauzaji wa vifaa vya vyakula huusifia kama dawa ya kila kitu: hufanya kazi ndani ya uchachu tu. Katika chachandu isiyo na siki ya kutosha ni sawa na kutotia chochote. Kiwango kinachokubalika kimataifa katika sosi ni gramu 1 kwa kilo, ambacho ni robo ya kijiko cha chai au pungufu, kwa hiyo asiye na mizani ndogo asiuguse. Kwa chupa zinazojazwa moto zenye siki ya kutosha, sioni haja yake.

Ukifika kwenye kuuza, andika daftari. Kila sufuria na tarehe yake, uzito wa pilipili, chapa na asilimia ya siki, kipimo cha pH cha siku ile na cha kesho yake. Afisa atakayekuja kukagua ataliulizia daftari hilo, na siku mteja atakaporudisha chupa utajua irudishwe pamoja na zipi. Tanzania, masuala ya usalama wa chakula yako chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019; Kenya ni shirika la viwango la huko, KEBS. SIDO, shirika la Tanzania la kuhudumia viwanda vidogo, imesaidia wasindikaji wadogo wengi kupata mafunzo na vifungashio, na ni mahali pazuri pa kubisha hodi kabla ya kununua chupa elfu moja.

Mwisho, wenye mabanda ya chipsi, kwa kuwa huko ndiko pilipili nyingi huishia. Kile kichupa cha plastiki kilichotobolewa mfuniko hukaa juani kutwa, hupokea midomo ya inzi, na jioni kikibakiza robo hujazwa kwa maji ya bomba na kutikiswa. Maji hayo huifuta kazi yote ya sufuria. Pilipili ikiwa nzito, ilegeze kwa siki, na kichupa kikiisha kioshwe na kukauka kabla ya kujazwa upya. Usimimine mpya juu ya ya jana. Ukiona ukungu juu, hata doa dogo la kijivu, usiutoe kwa kijiko na kuendelea kuuza. Ukungu hula asidi, na chini yake huenda pH imekwisha kupanda. Mwaga.